Mkono wa Mpishi

Jumapili, 12 Januari

Wagonjwa wa ngozi tangu asubuhi. Ukurutu wa watoto, upele wa wachunga mbuzi. Wa mwisho Ibrahima, mtu wa Guinea, mpishi katika kambi ya watalii jangwani, nje ya Al Mintirib. Mkono wake wa kulia una doa lililopauka, pana kama kisahani, kavu, lisilowasha. Dawa ya choa niliyompa haikulipunguza hata chembe. Leo kando ya doa pana makovu mapya ya moto. Nikatambua mara moja: wasm. Wamemchoma kwa chuma cha moto ili kumtibu, kama wanavyochomwa watu huku kwa umanjano wa macho na maumivu ya mgongo. Nikamhutubia kwa Kiarabu juu ya ujinga huo. Akainamisha kichwa. Dokta Naser, mkuu wa zahanati yetu hapa Ibra, amekubaliana nami. Jambo la nadra. Nimelifurahia.

Jumatatu, 13 Januari

Furaha imekwisha. Kovu moja limo ubavuni mwa kidole kidogo. Wasm naujua tangu utotoni. Bibi yangu anao juu ya kifundo cha mkono, nadhifu kama muhuri. Mchomaji huchagua mahali. Nani achome ubavu wa kidole?

Nimefungua tena kitabu changu cha chuoni. Kila ukurasa unasema tafuta wekundu, na karibu kila picha ni ya Mzungu. Kwenye ngozi ya Ibrahima wekundu huwa shaba, au weusi uliozidi, au mpauko tu. Madaktari wa Afrika Magharibi wameyaandika haya wazi, nilikuwa nimeyasoma. Doa lililopauka, lisilowasha. Moto usiouma.

Sikumwuliza nani alimchoma. Nilimwambia.

Jumanne, 14 Januari

Nimelitaja neno mbele ya Dokta Naser: ukoma. Akacheka, akaniita walad, mtoto, wauguzi wakisikia.

"Wewe walad, vitabu vimekulevya. Ukoma, Ibra?"

Nikajibu kwamba ugonjwa hausomi ramani. Nikapaza sauti. Yeye akashusha yake: "Ukilitaja jina hilo kambini kabla hujampima, utakuwa umemfukuza kazi kwa ulimi wako." Kweli tupu. Namchukia kwa kuwa nayo.

Nimepiga simu kambini. Msimamizi anasema Ibrahima anarudishwa kwao Ijumaa; wageni hawataki mkono ule kwenye chakula chao. Akiondoka bila dawa, mkono utakufa.

Jumatano, 15 Januari

Al Mintirib baada ya kazi. Gari la kambi lilinipokea penye kituo cha petroli, tukaingia mchangani. Nilimkuta Ibrahima nyuma ya jiko akifunua sufuria kubwa ya wali kwa mkono mtupu. Mvuke ulimfunika hadi kiwiko. Hakushtuka.

Hatimaye nikauliza. Nani alikuchoma?

"Hakuna, daktari. Ni sufuria. Uliposema wasm, nikaona heri iwe wasm."

Alikuwa anajua. Baba yake mdogo, mwenye ukoma, alijengewa kibanda cha peke yake nje ya kijiji, akaishi humo miaka yake yote. Nilimfumba macho, nikamgusa kwa pamba. Begani akasema ndiyo. Kwenye doa, kimya. Kwenye kidole kidogo, kimya. Mshipa wa fahamu wa kiwikoni umenenepa kama kamba.

Msimamizi akaja kuuliza kama ugonjwa unaambukiza. Nikasema namtaka zahanati kesho na asisafiri. "Tikiti imeshakatwa, dokta." Nikabishana naye kwa dalili zote nilizonazo. Sikupata kitu. Amekubali kumpitisha Ibra tu, njiani kwenda uwanja wa ndege.

Alhamisi, 16 Januari

Adhuhuri ilipita, hakuna mtu. Dokta Naser akapita mlangoni: "Mgonjwa wako wa kitabuni yuko wapi?" Nikatoka kutazama barabara.

Walifika karibu na alasiri, begi la Ibrahima likiwa nyuma ya gari. Dokta Naser akampima mwenyewe. Pamba. Kiwiko. Akakishika kiwiko kile muda mrefu, akachukua kipande cha ngozi cha kupeleka maabara. Hakunitazama. Akampigia simu mwenye kambi. Akaanza na habari, kama ada yao: habari za baba, za wana, za mvua, za ngamia aliyezaa. Nilikaribia kumnyang'anya simu. Mwishowe, kana kwamba amekumbuka tu: "Na mpishi wako yuko mkononi mwangu, ana mshipa wa mkono unaotaka dawa. Niachie." Upande wa pili ukasema hewala.

Hoja zangu zote, na hewala ile.

Ijumaa, 17 Januari

Ndege imeondoka bila yeye. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 27 Februari

Maabara ilithibitisha zamani. Ibrahima anameza vidonge vyake, haambukizi tena. Jikoni hayumo, anatunza mahema, na glavu za ngozi mikononi. Leo nimemgusa kwa pamba. Ukingo wa doa umeanza kujibu. Kidole kidogo hapana. Akaniuliza kama kitarudi. Nilikuwa na maneno mengi. Nikamwambia: labda hakitarudi.

Akakitazama. Kisha akashusha mkono wa shati, akaanza kufunga kifungo kwa vidole vinavyosikia, polepole. Sikumsaidia. Nikangoja amalize.