Miguu Yetu ya Chumvi

Dada Masika,

Amani ikukute hapo Katwe, kama bado unasimama ndani ya ziwa ya chumvi. Mimi niko Chiang Mai, muji ya zamani sana. Leo mukutano yetu ya wanawake wanaochimba chumvi ilipumzika, wakatutembeza hekalu za Buddha mpaka saa sita.

Kwenye mulango ya kwanza kiongozi akasema, "Viatu inabaki nje." Nilisikia haya! Unajua vile chumvi ilipasua kisigino zetu. Ndani akatuambia tusinyooshee sanamu miguu, tuikunje nyuma. Nikafurahi, nikajua nimeificha. Kumbe nyuma yangu iko mama muzee amepiga magoti, anaangalia nyayo zangu zote mbili.

Akanigusa kisigino na kidole yake. Nikageuka na hasira. Yeye akavuta sketi kidogo, akanionyesha yake: imepasuka kama yangu. Kiongozi akasema ni matope ya mupunga ilifanya vile. Tukaweka miguu pamoja, tukacheka mpaka watawa wakageuka.

Sasa sikia, dada. Ulisema siku ya kuozesha binti yako Kabugho utabaki jikoni, eti wakwe wasione miguu yako. Wacha hiyo. Vua viatu, ukae kwa mukeka ya mbele, mahali ya mama wa bibi harusi. Wakiangalia, waangalie vizuri. Hiyo miguu ndiyo ilisomesha ule mutoto wanakuja kuchukua.

Nakukumbatia kutoka mbali,
mudogo wako Biira