Kibanda cha Wino Mwekundu

Yaya Riziki, dada yangu mkubwa,

Huko ulikolala sijui kama barua hufika. Hii nimeiacha wazi makusudi, isomwe kwanza hapa Swima, kisha mtu aipandishe Bibokoboko. Kuna mama mmoja kule ambaye niliacha jina lake lichafuke miaka yote hii. Wewe ulijua kwamba hana kosa, na uliondoka umenyamaza kwa ajili yangu.

Unalikumbuka lile jiwe bapa mbele ya kibanda chako, juu ya mashamba yetu ya mihogo? Mama aliweka chakula pale, akarudi nyuma, ndipo ukatoka kukichukua. Ilikuwa hivyo tangu madoa yalipokutokea mgongoni na vidole vikaanza kufa ganzi. Watu wa serikali walipokuja kukagua ngozi za wanakijiji, mama aliwaambia umeolewa Kilembwe. Wakafuta jina lako kitabuni. Majirani waliitikia vizuri; mmoja alimpa mama pongezi za harusi mbele yao, na jioni tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nani angependa kuona mtoto wa mwenzake akipelekwa kambi ya wenye ukoma?

Mtu wa nje aliyejua alikuwa mmoja tu, yule mama wa maziwa aliyeshuka kutoka Bibokoboko kuja kubadilisha maziwa kwa samaki wakavu. Njia yake ilipita karibu na mlango wako. Kila aliposhuka alikuachia kibuyu kidogo kwenye jiwe, na hakuwahi kumtajia mama jambo hilo.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, shule ya misheni huko Baraka, napenda jiografia kuliko chakula. Tulikariri mito ya Ubelgiji, Meuse na Escaut, na bandari ya Anvers, kabla ya kuambiwa lolote kuhusu ziwa lililokuwa likipiga mawimbi nyuma ya darasa. Likizoni nilipanda kwako, nikakaa upande wangu wa jiwe, nikakukaririshia. Ulikuwa mwanafunzi mkorofi.

"Ule muto Meuse, iko na samaki?" uliniuliza.

"Mwalimu hakusema."

"Sasa anabafundishaka nini?"

Likizo ya Pasaka tukapewa kazi: kila mmoja achore ramani ya kijiji chake. "Carte ya kweli haiachake nyumba hata moja," mwalimu alituonya. "Na mutazame njia. Njia inachorwa na miguu ya bantu. Penye njia, jueni kule muntu anaikala." Nilipima Swima yote kwa hatua, kutoka ufukweni hadi mashambani, nikihesabu kwa sauti mpaka watoto wakanifuata wakinicheka. Nilipofika kwako ukaniuliza nafanya nini. Nikakueleza: maji kwa wino wa buluu, njia kwa vistari, nyumba kwa wino mwekundu. Uliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Na mi, utaniweka?"

"We uko Kilembwe," nikakutania.

Hukucheka. "Niweke. Hata kadogo. Mi niko hapa."

Nikakuweka. Nilichora kibanda chako kwa uangalifu kuliko hata kanisa. Nikachora vistari vya njia yetu ikipanda kutoka chini, na vya njia ya maziwa ikishuka kutoka mlimani. Baraka nilipata alama ya kwanza, na mwalimu akaibandika ramani yangu ukutani. Kwa kujivuna kwangu, kila asubuhi niliitazama kabla ya kumwamkia mtu.

Kisha mganga wa serikali akaja kutudunga sindano. Alisimama mbele ya ukuta, akaweka kidole juu yako.

"Hii nyumba ya peke yake, ni ya nani?"

"Kibanda ya kulinda mihogo, Bwana," nilijibu haraka. "Nguruwe ya pori iko mingi."

"Kibanda ya kulinda mihogo iko na njia mbili? Na hii ya juu inaendaka wapi?"

Mwalimu, masikini, akajibu kwa niaba yangu kwa fahari. "Inapandaka Bibokoboko. Huyu mutoto anapimaka muzuri."

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, Yaya. Wino ulikuwa ujinga wa kitoto. Lakini siku ile ningeweza kutoroka, nikaja Swima kukuambia uhame. Niliogopa kufukuzwa. Mtihani ulikuwa umekaribia. Nikajiambia labda mganga atasahau, na nikarudi kukariri mito.

Walikuja wiki ya kwanza ya likizo kubwa. Wawili walitokea chini, na wewe ukakimbilia mlimani, kama tulivyopatana siku zote. Watatu wengine walikuwa wanakungoja kwenye njia ya maziwa.

Mama alipiga kelele akifuata kamio, lile lori la serikali lililokubeba. "Batu batatu bametokea ku njia ya maziwa! Ni ule mama ametuuzisha!"

Ulikuwa umeketi nyuma, umejifunika kitenge. Ukageuka. Hukumtazama mama, ulinitazama mimi, na niliona umeelewa. Ningesema pale pale kama ningekuwa mtu.

"Mama, acha," ulisema. "Ile maneno iache."

Hukusema lingine, na kamio likaondoka.

Yule mama alishuka siku ya soko, hana habari. Alipotoa kibuyu chake, mama alikipokea, akakiinamisha, akamwaga maziwa yote chini mbele ya miguu yake, akakitupa. Unajua kwa watu wa ng'ombe jambo hilo ni kuvunja urafiki milele. Mama wa maziwa alirudi nyuma hatua moja. "Mi sikusema kitu, mama yangu," alisema. "Mi nilimupendaka ule mutoto." Akaokota kibuyu kitupu, akapanda mlima. Nilikuwa nimesimama kando, nimevaa kaptula yangu ya shule, na nilimwangalia mpaka akapotea. Hakushuka tena kwetu. Njia yake ikaota majani.

Habari ya kifo chako ililetwa kwa mdomo tu, bila kaburi kuonyeshwa. Wapo waliomwambia mama kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aliwajibu kwamba kifo hakikumuumbua, aliumbuliwa na rafiki. Alikufa akiamini hivyo, na mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Nimefundisha jiografia hadi nywele zimeniishia kichwani. Ziwa hili naweza kulichora nikiwa nimefumba macho, pamoja na kila mto unaoliingia, lakini mahali walipokuzika sipajui. Nakukosa sana, Yaya. Nakosa maswali yako. Na kila anayeshuka kutoka mlimani na kibuyu, mimi hubadili njia.

Uliniomba nikuweke kwenye karatasi kwa sababu ulikuwa hapa. Leo na mimi najiweka. Watu wa Swima wasome, na wa Bibokoboko wasome: mama wa maziwa hakusema kitu. Aliyeonyesha njia ya juu ni mimi.

Lala, Yaya. Usininyamazie tena.

Mdogo wako