Saa Mbili za Mama

Ngumbo,
Wilaya ya Mbinga.
14 Agosti 2006

Mpendwa Kaka Stanslaus,

Shikamoo. Habari za Tanga, na wifi Veneranda hajambo? Sisi huku tu wazima, na leo neno hilo naliandika kwa moyo wote.

Simu uliyompa Kilian amletee mama ilifika salama. Mama aliibusu, akawatangazia majirani kwamba sasa atasikia sauti ya mwanawe. Kilian naye akafikisha maagizo yako neno kwa neno: "Mama, chaji saa mbili, kisha chomoa." Wewe ulimaanisha muda. Mama alisikia saa mbili usiku.

Basi adhuhuri akaichomeka kwenye sola. Kwa kuogopa vumbi akaiviringishia vitenge, akailaza kitandani ubavuni mwa Florian wangu aliyekuwa usingizini, akatoka nje kugeuza dagaa wa usipa juani.

Niliporudi alasiri kumnyonyesha mtoto, chumba kilinuka plastiki inayoungua. Nilimnyakua mtoto kwanza, ndipo nikachomoa waya na kuirusha simu mchangani pamoja na vitenge vyake. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, na kitenge kimoja kimetoboka. Florian hata kuamka hakuamka, mlalaji kama mjomba wake. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Hakuna aliyeungua, Mungu ashukuriwe.

Fundi wa Mbamba Bay anasema betri hizi saa mbili au tatu zinatosha, ikijaa tu chomoa. Ikae mezani, wazi, mbali na kitanda na jua kali, na itumie chaja yake yenyewe. Ikivimba, usiichaji tena wala usiitoboe. Ile yetu kabaki nayo yeye.

Mama hakubali kosa ni lake. "Angesema masaa mawili ningeelewa!" Haya, mwalimu wa Kiswahili, si ndiye wewe uliyetuchapa kwa kusema "masaa"? Safari hii mama kakushinda.

Nilimuuliza kama tukuombe betri nyingine. Akasema usimpe mtu tena. Uilete mwenyewe, Kaka. Anasema sauti yako anataka kuisikia hapa mlangoni.

Msalimie wifi na mwanetu Tadea. Baba mdogo Pankras na dada Restituta wanawasalimu. Mungu awalinde nyote, na aifungue njia ya kuja huku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Otilia