Bega Lako la Kulia, Baba Kerubo

Baba Kerubo,

Nisamehe nimekawia kukuandikia. Nilitaka kuanza tangu mlipoingia nusu fainali, lakini Kerubo anaota meno ya nyuma na halali asipokuwa kifuani kwangu. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nilikuwa naomba msimu wenu uishe kabla sijalazimika kuandika haya. Haukuisha. Sasa mko fainali, na kuanzia Kebirigo hadi Sironga watu wanasema tunaleta kombe, kana kwamba sote tuko huko Japani tunarusha mpira.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyoandikiana tukiwa shule, kwa sababu kwa Ekegusii unajua pa kunishika, utanichekesha kabla sijamaliza. Na barua hii naiweka kwenye grupu ya mashabiki wako, waisome wote. Kwa siri nimekuuliza mara nyingi. Kila nikitaja bega lako la kulia unanijibu "buya mono", vizuri kabisa, kama mtu anayefunga mlango, halafu unauliza habari za ng'ombe. Bega hilo limeumia tena na unalificha. Kocha wako hasomi Kiswahili, kwa hivyo huko siri bado ni yako. Hapa nyumbani imekwisha.

Unakumbuka majani? Tulikuwa tumeoana juzi tu, tunachuma chai ya mama yako, wewe mbele, mimi nyuma. Ulikuwa na namna yako ya kurusha majani juu ya bega yakaingia kikapuni mgongoni bila wewe kugeuka, konzi baada ya konzi, mpaka wanawake wa shamba la jirani wakasimama kukutazama. Jioni ulikuwa unashuka uwanja wa shule kwa yule mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliyekuona ukirusha mkuki akakufundisha besiboli. Ulikuwa unarudi umejaa vumbi na furaha. Kisha nikaanza kuokota majani mabichi chini, kwenye njia yako.

"Mbona yanaanguka?" nikakuuliza.

"Ni upepo."

"Upepo gani huu unaopita kwa kikapu chako peke yake?"

Ukacheka, ukaanza kurusha juu ya bega la kushoto, na hapo ndipo nilipojua. Mtu haachi mkono aliozaliwa nao hivi hivi. Uliendelea hivyo mpaka ukashindwa kuvua shati. Daktari kule Kisii alikueleza nikiwa nimeketi hapo na tumbo langu kubwa: pumzika upone, na likiumia tena usirushe hata jiwe, maana nyama ya ndani ikikatika yote, mkono huo hautapita kifua tena. Uliitikia kama mtoto wa shule ya Sabato.

Nilikufungia mkono kwa leso yangu. Nilichuma mstari wako na wangu. Jioni ulikuwa unaketi kwenye kigoda huku kichwa umekiinamisha kwenye beseni nami nakuosha nywele, na povu likiingia machoni unalalamika.

"Usimwambie mama," ulisema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimejifungua mapema, na mtoto ana ndevu?"

Ulicheka mpaka ukamwaga maji. Siku zile niliogopa, lakini ulikuwa mbele yangu. Nilikuwa nikiweka kiganja juu ya bega nasikia lilivyo moto, najua leo ni afadhali au leo si afadhali. Sasa nakuona kwenye kioo cha simu, umekuwa mdogo kama kidole.

Mchezo wa nusu fainali ulichezwa Jumamosi, siku yetu ya Sabato, huku tukiwa kanisani. Vijana walitoka mmoja mmoja, ati kuangalia pikipiki zao kama ziko salama. Mimi sikutoka. Jua lilipozama nikaenda na Kerubo mgongoni dukani kwa jirani yetu Ondieki, aliyekuwa ameihifadhi video. Duka lilijaa. Mzee mmoja aliuliza, "Kwani goli liko wapi?" na Ondieki akamwambia, "Mzee, hapa hakuna goli. Huyu wetu anarusha, yule mwenye rungu akikosa, tumeshinda. Piga makofi tu ukiniona napiga." Watu walipiga makofi. Jina lako liliitwa kama la mtu aliyepasi mtihani wa kijiji kizima.

Mimi nilikuwa naangalia mkono. Kila ukirusha unauacha unaning'inia kidogo kabla ya kuurudisha. Ulipewa maji, ukapokea kwa kushoto. Mwishoni mlijipanga kuwainamia mashabiki, wenzako wote wakainua kofia kwa mkono wa kulia. Wewe uliinua kwa kushoto. Ondieki akaniangalia.

"Shemeji, furahi basi. Mume wako yuko fainali."

"Nimefurahi."

"Huo uso ni wa matanga."

Nikamwambia mtoto amechoka, nikaondoka. Njiani nilikumbuka ulivyoniambia kwa simu, ukicheka, kwamba kabla ya mchezo unameza vidonge kama njugu. Nami nilicheka siku hiyo, kwa vile ulikuwa unacheka.

Sasa nakuambia ninavyoogopa. Naogopa mkono utakatika hapo katikati ya uwanja, mbele ya watu wanaokushangilia, nami nimesimama dukani kwa Ondieki na mtoto mgongoni, siwezi hata kukushika. Naogopa mkishindwa, na naogopa zaidi mkishinda. Mkishinda, nani atakuamini kwamba ulikuwa unaumwa? Watakuambia ulituletea kombe na bega hilo hilo, turushie tena. Nawe huwezi kukataa watu, nakujua. Nikisikia simu inalia kutoka nambari ya ng'ambo, namweka mtoto chini kwanza kabla sijapokea. Jana Kerubo alikuwa anakimbiza kuku, nikampigia kelele bure mpaka akalia. Sitaki kuwa mama wa namna hiyo.

Najua umengoja siku hii. Timu yenu haijawahi kushinda, na wewe ndiwe waliyemtoa mbali. Sikuambii uache besiboli. Nilikuuguza mkono huo ili ukarushe. Nakuambia umweleze kocha kabla ya mchezo wa kwanza wa fainali. Mweleze kwa kinywa chako, na daktari wa timu aangalie. Akisema rusha, nitapiga makofi kushinda Ondieki. Akisema keti, utaketi, na kombe likija litakuja ukiwa umeketi.

Mama yako nimemwambia. Aliketi juu ya gunia la majani, akasema, "Huyo alificha hata surua." Anakuombea. Hajakasirika, ila anataka sauti yako.

Nitangoja mpaka Ijumaa. Unajua jua likizama naizima simu kwa ajili ya Sabato, na sitabadilisha hilo. Lakini nikiwa sijasikia kutoka kwako, kabla halijazama nitakuwa nimempigia yule mwalimu wako aliyekutafutia timu, naye ana nambari ya kocha na anajua Kijapani. Utakasirika. Kasirika, lakini uwe na mikono miwili.

Kwaheri, mume wangu. Pesa usitume mwezi huu, chai imelipa. Ile kofia uliyomwahidi Kerubo pia ingoje. Ninachohitaji bado ni hiki: video yako bila shati, ukiwa umesimama upande, ukiinua mkono wa kulia taratibu mpaka juu ya kichwa, isikatwe katikati, na uso wako uonekane, picha ya pakiti ya hivyo vidonge, mbele na nyuma, karatasi ya daktari wa timu, hata ikiwa kwa Kijapani, yenye tarehe ya wiki hii, na sauti yako ukimwambia mama yako, kwa Ekegusii, ni wapi panauma.

Mama Kerubo