Pale Mchi Uliposimama

Kasenga, mtaa wa Uvira, 30 Juni. Kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, upepo wa ziwa kidogo tu.

Sikukuu ya uhuru wa Kongo, lakini gwaride hakuna. Waasi wako karibu, kila mtu anasherehekea ndani ya uwanja wa nyumba yake. Mimi, "minye" kama tunavyosema hapa, nimekaa mlangoni na simu sikioni, nasikiliza wimbo wangu, nacheka peke yangu. Jirani akiniona atasema kichwa kimenitoka. Sawa tu, wimbo wenyewe ni wa habari hiyo.

Umekwisha, jamani! Umekwisha!

Niliutunga kwa ajili ya yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Tangu tukimbie kijiji chetu, Katogota, hatoki nje ya uwanja, usingizi hana, na ukimsalimu anajibu kama sisi wote hapa: "Muzuri tu." Nikasema nimtungie wimbo wa kuchezeka, si wa kilio. Kiitikio: "Usiniambie muzuri tu, niambie kichwa iko namna gani!" Nilijiona daktari kabisa.

Jumatatu nilikwenda kwa Bahati, fundi wa simu, ambaye chumba chake cha nyuma ndicho studio yetu. Akaweka ngoma za kompyuta. Ta-ta-ta-ta! Kushtuka, niko chini ya meza, nimekumbatia mguu wa kiti.

Minye, si yaya.

Bahati hakucheka, Mungu ambariki. Alizima mashine, akaketi chini pamoja nami. "Tutatafuta ingine," akasema. Nyumbani nilisema ni joto limenichosha. Uongo mtupu. Niliona aibu, na nilitaka kuuacha wimbo.

Jana Bahati akaja mwenyewe. Akamkuta yaya anatwanga sombe, majani ya muhogo, tu-ku, tu-ku, akasimama kusikiliza. Halafu akaweka simu yake kando ya kinu, inarekodi. Yaya akanitupia mchi wa pili, tukatwanga kwa zamu kama zamani kwa mama, minye nikiimba. Yaya alitikisa mabega! Sijamwona hivyo tangu tufike Uvira.

Katikati ya wimbo akaniuliza polepole, "Na weye, kichwa yako iko namna gani?"

Nikajibu, "Muzuri tu."

Minye, mwenye wimbo!

Hakuacha kutwanga. "Mlango ikigonga, unaruka. Unafikiri minye siko naona?"

Mchi ulinishinda mkononi. Nikamwambia yote: meza, kiti, woga ninaoamka nao kila asubuhi. Nililia na majani ya sombe kwenye vidole. Akasema, "Basi tuko wawili," akaendelea kutwanga peke yake mpaka nikaweza kuokota mchi wangu.

Asante, yaya. Nilidhani nakutibu.

Maneno yetu Bahati ameyatoa kwenye wimbo, lakini kile kimya cha mchi wangu alitaka kukiziba pia. Tumemkatalia. Watakaocheza watadhani ni ufundi wake.

Kesho nitasalimiwa njia nzima mpaka sokoni. Nitajibu nini?