Ufa Chini ya Vanishi

Jumanne, 4 Machi

Mjinga mimi! Sheria ya karakana niliitunga mwenyewe: asikalie mtu bawa. Leo mdogo wangu katoka kununua kitambaa cha kuvalisha glaida yetu, ndege isiyo na injini. Mumewe akabaki ananitania — eti fundi vitanda atajengaje kitu cha kuruka? Nikamwonyesha. Nikakalia boriti ya bawa, miguu inaning'inia. Shemeji akacheka, akaenda zake kunawa. Niliposimama — ta! Ufa mwembamba kama unywele.

Nikapaka vanishi juu yake. Ndiyo, nilipaka.

Ijumaa, 7 Machi

Kitambaa kimevalishwa. Bawa zuri, Mungu wangu! Mdogo wangu analipapasa. Ataruka yeye kwanza, ndiye mwepesi — glaida hii unaivaa mabegani, unakimbia mteremkoni mpaka ikubebe. Miaka yote hii anaiota siku hiyo.

Kanisifu mbele ya mumewe: kaka akiunga mbao, zimeungana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shemeji kauliza mbona sili. Nikasema tumbo. Tumbo!

Jumamosi, 8 Machi

Kesho kilimani. Nimefungua mdomo niungame, nikauliza chumvi iko wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo chenyewe si changu!

Jumapili, 9 Machi

Kilimani. Naandika nimejibanza nyuma ya pikapu.

Mdogo wangu alishavaa kofia ngumu, anafunga mikanda, anacheka peke yake. Upepo safi. Mdomo wangu ukagoma tena. Basi nikajifanya nimejikwaa — nikaliangukia bawa kwa goti, pale pale penye ufa. Kraa!

Nilitaka anitukane. Kanikumbatia! Pole kaka, hujaumia? Mbao zipo, tutajenga tena. Shemeji naye: ajali haina kinga. Nikazipokea pole zote, bila haya. Hata nikachechemea kidogo.

Sasa mdogo wangu kachuchumaa pale, anachana kitambaa aone palipovunjika. Anakwangua kwa ukucha. Mbao iliyovunjika leo ingekuwa nyeupe yote — hii ina vanishi mpaka ndani ya ufa, imeshakauka. Mwenyewe nilimfundisha kuisoma mbao.

Shemeji kauliza kuna nini. Mdogo wangu anavua kofia.

Ananiita. Si kaka — kwa jina langu.