Nimemliza Mwalimu wa Kichina

Panta! Nimemliza mwalimu wa watu. Mbele ya wanafunzi!

Si unajua mjukuu wangu Anisia anasoma Kichina kidato cha tano? Leo siku ya wazazi kaniburuta mpaka shuleni. Kamwambia mwalimu wake, kabinti ka Kichina, "Babu yangu anajua Kichina tangu mwaka sabini na tano!"

Najua wapi mimi! Ni yale aliyotufundisha yule daktari Mchina, mimi na wewe, tukiwa kidato hichohicho, jioni pale hospitali. Yote yamepeperuka. Imebaki salamu yake tu. Nikaitoa kwa Kichina, kwa sauti: "Umekula?"

Binti akanikodolea macho. Kisha machozi, Panta. Machozi!

Anisia akanifinya. "Babu, umemwambia nini?"

"Nimemuuliza kama amekula!"

Mwalimu akajifuta. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema bibi yake ndivyo anavyosalimia. Tangu afike Shinyanga, hakuna aliyemuuliza hivyo.

Halafu akanirudishia kwa Kichina: "Na wewe, umekula?"

Nikachukua kofia yangu, nikatoka. Anisia anadhani nimesahau Kichina.

Swali hilo sijalisahau. Nimelielewa vizuri. Tangu nimzike mke wangu Salvina, hakuna anayeniuliza. Nimerudi nyumbani hapa Ngokolo, jiko limepoa tangu jana.

Naona umeshasoma ujumbe huu, Panta. Basi niulize, hata kwa Kisukuma.